Siku niliyomgusa begani namba sita

Mpaka leo nikifumba macho nauona mpini wa lile panga. Ulikuwa umeviringishiwa mpira mweusi, ule wa tyubu ya baiskeli, umekazwa na waya mwembamba wa shaba, alafu karibu na chuma kuna sehemu mpira umechanika na mbao inaonekana, nyekundu kidogo kama mninga. Ningekuwa najua kuchora ningekuchorea sasa hivi. Ila usiniulize aliyeushika huo mpini alikuwa na sura gani, maana hapo ndo stori yenyewe ilipo.

Ilikuwa 2018, mwezi wa sita. Nina kibanda cha uwakala Mbagala, Dar es Salaam, watu wanatoa na kuweka hela, nauza vocha, nachajisha simu za watu wasio na umeme. Siku hiyo umeme ulikatika tangu jioni nikawa nimeweka taa ya kuchaji mezani, mteja wa mwisho kaondoka, mi nimekaa kwenye stuli nahesabu hela nifunge. Wakaingia wawili, mwingine alibaki nje kwenye pikipiki inaunguruma. Kitu cha kwanza yule wa panga alichofanya ni kuipiga ile taa, ikadondoka chini lakini haikuzimika, ikawa inamulika miguu yao na lile panga tu, huku juu giza. "Toa zote." Nikatoa zote. Sh 860,000 na simu ya kazi yenye laini zangu za uwakala. Wakasepa.

Usiku ule ungeniuliza walikaa ndani muda gani ningekwambia dakika kumi, tena ningekuapia. Kumbe yule mteja wa mwisho meseji ya muamala wake inasoma 19:41, na mi kwa kitochi changu kilichobaki mfukoni nilimpigia shemeji yangu 19:43. Yaani chini ya dakika mbili. Na ndani ya hizo dakika mbili, nikiwa mkweli, macho yangu yalikuwa kwenye panga. Wewe ungeangalia nini? Panga likiwa karibu na shingo hutaangalia pua ya mtu kama imechongoka au imebonyea.

Nikaenda kituoni usiku uleule, nikapewa RB, ile namba ya taarifa yako polisi, nikaandika maelezo. Nakumbuka nilisema vijana wawili, mmoja mrefu, maji ya kunde, amevaa kapelo, umri kama miaka ishirini na tano. Afande akaandika. Sasa jaribu kusimama stendi ya Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni uhesabu vijana warefu kidogo, maji ya kunde, wenye kapelo. Utachoka.

Zile wiki mbili tatu zilizofuata kibanda kiligeuka kijiwe. Kila anayepita anataka stori nami naitoa, kila nikiitoa inakuwa nzuri zaidi, si unajua tena. Mama ntilie wa jirani, mama yetu wa chapati na maharage, siku moja akasema, "Mwanangu yule si ndo mwenye kovu hapa kwenye nyusi?" akajigusa juu ya jicho la kushoto. Nikasema ee, huyohuyo. Sikudanganya wala sikuwa najifanya, niliona kabisa kichwani kovu limekaa pale, limekata nyusi. Tangu siku hiyo kovu likawa ndani ya stori, nikawa nalisimulia kama nililipima kwa rula.

Baada ya kama wiki tatu nikapigiwa simu na mpelelezi, njoo kesho asubuhi kwenye gwaride. Mi gwaride nalijua la Uhuru tu, akanambia hapana, gwaride la utambuzi, kuna mtu tumemkamata. Shika hayo maneno, kuna mtu tumemkamata, maana nilipokata simu tayari kichwani kwangu kesi imeisha, kilichobaki ni kwenda kumwonyesha tu. Sikulala vizuri kwa hasira.

Kituo chenyewe sikitaji, na sio kwamba kilikuwa kibaya kuliko vingine. Nilikalishwa mbele kwenye benchi, alafu nikapelekwa uwani nyuma kuna mwarobaini mkubwa, na ukutani wamesimama wanaume tisa. Afande mmoja akanambia, "Haya kijana, mwizi wako yumo humu, pita umtoe." Nikapita. Mara ya kwanza sikumuona mtu. Nikarudi tena kuanzia mwanzo, moyo unaenda mbio, najisikia kama mwanafunzi aliyeambiwa jibu lipo ubaoni na ye halioni. Mara ya pili nikafika kwa wa sita.

Kovu hili hapa, nyusi ya kushoto.

Alafu sio kovu tu, ile sura naijua. Yaani mwili mzima ulisisimka, nikahisi jasho mgongoni, ile hisia unayoipata ukikutana na mtu mliyesoma naye darasa la tatu. Nikamgusa begani maana ndo utaratibu, lazima umguse. Nikasema ni huyu. Yule jamaa akanitolea macho, akafungua mdomo kama anataka kusema kitu, akanyamaza.

Afande akaniuliza, "Una uhakika?" Asilimia mia, afande. "Angalia tena vizuri, usiwe na haraka." Na alivyosema vile macho yake, sijui kama alijua, yalienda kwa namba tatu yakarudi. Nami nikaangalia namba tatu. Kijana yupo pekupeku, mkono mmoja ameshikilia suruali kwa mbele isimshuke. Sasa nawaambia kitu ambacho nimekaa nacho muda mrefu. Nilivyomwangalia namba tatu kwa zile sekunde chache, alianza kufanana. Naapa. Nikaona urefu uleule, na mdomo ule. Kama ningesimama pale dakika moja zaidi ningebadilisha, na jioni ningeenda kusimulia kijiweni kwamba nilimtambua namba tatu bila shida yoyote, ila mwanzoni nilichanganywa na jamaa mmoja hivi. Kilichonizuia ni ubishi wa ukoo wetu tu, sisi tukishasema kitu hatukirudi. Nikasema afande nimeshasema, ni namba sita. Akaandika kwenye fomu yake, akanambia asante, nenda.

Nikatoka nje ya geti nimesimama nasubiri bajaji, mara nasikia, "We wakala!" Nageuka, namba sita. Yuko huru, ameshika chupa ya soda. Nikataka kukimbia.

Akasema, "Bosi, mi si mteja wako? Si nakuja kwako kila Jumamosi kutoa hela, saidia fundi wa lile ghorofa pale kwa juu. Wamekuja saiti kutuomba watu wa kujazia mstari, wakatuahidi soda. Sasa mbona umenigusa?"

Nikamwangalia miguuni. Saruji imekauka kwenye vidole, nyeupe, ya asubuhi ileile. Nilipita mbele yake mara mbili, ile saruji ilikuwepo na sikuiona kama kitu. Mwizi aliyetoka mahabusu atakanyagia wapi saruji mbichi? Na namba tatu pia nikaelewa palepale kwa nini alikuwa ameshika suruali: ukiingia mahabusu mkanda unavuliwa na viatu unaacha. Kwenye mstari mzima ndo alikuwa peke yake hana mkanda, yaani hata mtoto wa chekechea angejua nani ameletwa kutoka ndani. Nilimwomba msamaha yule saidia fundi pale barabarani, akacheka, ila kile kicheko hakikufika machoni.

Nina binamu yangu alikuwa anasoma sheria Mlimani mwaka ule. Nikamsimulia nikidhani atacheka, hakucheka, akaniuliza swali moja tu: "Kaka, kwenye maelezo yako ya usiku ule, kovu lipo?" Nikafikiria. Halipo. Kapelo lipo, maji ya kunde yapo, kovu halipo popote. "Basi kovu sio la kwako," akasema.

Nikaenda kwa mama ntilie. Shikamoo mama, hivi lile kovu ulilionea wapi siku ile? Akaacha kusukuma chapati, akafikiri. "Mi sikuona mwanangu, nilikuwa nimejificha nyuma ya meza. Kovu walisema vijana wa boda." Nikaenda kijiweni kwa vijana wa boda. Wakaangaliana, mmoja akasema, "Si we mwenyewe ulitwambia?"

Aisee.

Binamu ndo akanifungua macho kwenye mambo ya sheria, na mi nikaanza kusoma mwenyewe kwa hasira maana nilijiona mjinga. Kumbe masharti ya hili gwaride sio ya jana. Yapo tangu 1936, kwenye kesi ya Mwango iliyoamuliwa na ile Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki enzi za mkoloni, na mpaka leo mahakama za Kenya na za kwetu zinairudia. Mtuhumiwa awekwe kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye umri, urefu, muonekano na hali ya maisha, achague mwenyewe asimame wapi, na akitoka shahidi mmoja aruhusiwe kuhama kabla hajaja mwingine, mashahidi wasipate nafasi ya kuongea wao kwa wao, na afisa anayepeleleza kesi asiwe ndo anayeendesha gwaride. Hata ile ya kumgusa mtu imo. Lakini iliyonikaa mimi ni moja: shahidi anatakiwa aambiwe kwamba anayetuhumiwa anaweza kuwepo au asiwepo kwenye ule mstari, na asiambiwe kabisa mtoe fulani. Mimi niliambiwa mwizi wako yumo humu. Ukishaambiwa yumo, hutafuti tena mwizi, unatafuta anayefanana zaidi na mwizi kati ya waliopo, na kwenye watu tisa anayefanana zaidi hakosekani hata siku moja. Hata ukipanga maaskofu tisa.

Kwetu kuna kesi nyingine maarufu, ya Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, 1980. Pale majaji walisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina zote na usiotegemeka, mahakama isiutumie mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kukosea na ushahidi wenyewe hauvuji hata tone. Wakataka shahidi aulizwe alimwona mtu kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwaje, ilikuwa mchana au usiku, na kama alimjua mtu huyo kabla. Nilivyojipima na hayo maswali nilibaki nacheka peke yangu. Muda, chini ya dakika mbili. Mwanga, taa iko chini inamulika kandambili. Na hapo kwenye kumjua kabla ndo mtego wangu ulikuwepo, kwa sababu kweli nilikuwa namjua kabla! Nilimjua kwa kumhesabia hela kila Jumamosi. Ile sisimko ya mwili haikuwa uongo, sura niliijua kwelikweli, ila kichwa kilinipa sura bila kunipa mahali nilipoipata, nami nikajaza mahali mwenyewe.

Kuna kisa cha Australia kinafanana na changu mpaka nilishtuka nilipokisoma. Mwanasaikolojia mmoja anaitwa Donald Thomson, kazi yake ni kutafiti kumbukumbu za mashahidi, siku moja akakamatwa, mama mmoja aliyebakwa kamtambua bila kusita. Kumbe saa ileile tukio linatokea Thomson alikuwa kwenye televisheni live, na yule mama TV yake ilikuwa imewashwa. Uso wa kwenye TV ukahamia kwa mbakaji. Bahati yake alikuwa live mbele ya watu kibao, angekuwa amelala nyumbani kwake sijui angejitetea na nini.

Ronald Cotton yeye hakuwa na bahati hiyo. North Carolina kule Marekani, 1984, dada mmoja mwanafunzi, Jennifer Thompson, aliingiliwa chumbani akabakwa, na huyu hakuwa kama mimi wa kuangalia panga, alijilazimisha kabisa kukariri sura ya yule mtu ili akipona amfunge. Polisi wakamletea picha, akachukua muda akachagua ya Cotton. Baadaye gwaride, akamchagua Cotton tena, na kati ya wote waliosimama pale ni Cotton peke yake ambaye sura yake ilikuwepo pia kwenye zile picha. Alafu akaambiwa ni yuleyule uliyemchagua kwenye picha, akapumua, uhakika ukaota mizizi. Cotton akala kifungo cha maisha na juu yake miaka mingine kibao. Kesi iliporudiwa 1987 wakamleta mahakamani mfungwa mwingine, Bobby Poole, aliyekuwa anasemekana ndo mwenyewe, yule dada akamwangalia akasema huyu sijawahi kumuona maishani. Kipimo cha DNA 1995 kikasema ni Poole. Cotton alishakaa ndani miaka zaidi ya kumi. Na sio wa peke yake, Marekani waliosafishwa kwa DNA wamepita 300, na karibu asilimia 70 ya kesi zao kuna shahidi mahali fulani aliyenyoosha kidole kwa mtu siye.

Niliposoma kwamba mbakaji mwenyewe aliwekwa mbele yake na hakumjua, nilifunga simu nikaenda kutembea. Kwa sababu hapo nilimfikiria yule saidia fundi. Unyang'anyi wa kutumia silaha kwetu ukipatikana na hatia ni miaka 30, hakimu hana pa kushusha. Mimi kumgusa kwangu begani hakukumfanya chochote kwa kuwa tu walikuja kumchukua saiti kwa ahadi ya soda. Wangekuwa wamemkamata kwenye msako wa kijiweni wiki ile, yeye ndo angesimama pale bila mkanda, nami ningemgusa vilevile, kwa uhakika uleule wa asilimia mia, na afande angenipigia makofi.

Namba tatu aliachiwa baada ya muda. Nilikuja kusikia walimkuta tu na wenzake kwenye msako.

Wezi wenyewe walipatikana mwezi wa kumi na moja, na aliyewapata wala sio mimi na macho yangu, ni ile simu ya kazi. Nilikuwa nimehifadhi boksi na risiti, namba ya IMEI, ile inayotambulisha kila simu, ipo, simu ikaonekana kwa fundi simu mmoja Chamazi, fundi akamtaja aliyemuuzia, wakaenda kwake wakatoa panga uvunguni mwa kitanda. Niliitwa. Safari hii mpelelezi mwingine, mtu wa makamo, hakunionyesha kitu, akasema kwanza nieleze hilo panga likoje. Nikamweleza mpira wa tyubu, waya wa shaba, pale palipochanika. Akalitoa kwenye mfuko akaliweka mezani. Kila kitu kipo mahali pake, hata ule wekundu wa mbao.

Mwenye panga nilimwona mara ya kwanza mahakamani. Nasema mara ya kwanza kwa sababu ndivyo nilivyojisikia, sikumjua kabisa, hakuna kilichosisimka. Mweupe, hana kovu hata la tetekuwanga, na ni mfupi kuliko mimi. Mfupi! Nikajiuliza ule urefu niliouandikisha ulitoka wapi, mpaka nikakumbuka nilikuwa nimekaa kwenye stuli, ukiwa umekaa na mtu amesimama na panga kila mtu ni mrefu.

Wakili wa serikali akaniuliza kama kati ya waliopo kizimbani namuona aliyenishikia panga. Nilijua jibu analotaka, walikuwa wawili tu pale, na mmoja wao ndo aliyekutwa na panga chumbani, hata ningebahatisha nisingekosea. Nikasema mheshimiwa, panga nalitambua, simu naitambua, risiti ni yangu, lakini sura ya mtu siwezi kusema. Wakili akanikata jicho. Hakimu akainua kichwa, akaniangalia kidogo, akaendelea kuandika. Kesi ilisimama kwa nguvu ya simu na risiti.

Yule saidia fundi alipotea kama mwezi hivi baada ya gwaride, nikajua nimempoteza mteja na ni haki yake. Alafu Jumamosi moja, saa kumi na moja jioni, foleni ya watu wanne, namuona yupo nyuma na ndoo yake ya vifaa. Ilipofika zamu yake akainama dirishani, kovu hilo, nilikuja kujua alilipata kwa kuangukiwa na ubao wa jukwaa la kupakia zege, akanisogezea kitambulisho bila mi kumuomba.

"Nitoe elfu ishirini," akasema. "Na leo mikono yako ibaki hukohuko ndani."